Makisio ya Kufufua Timu ya Kijiji

Kabla ya yote naomba mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi. Nilimaliza darasa la saba na sikuendelea, na kuandika kwangu ni kwa polepole. Mahali nilipokata neno na kuandika jingine juu yake, someni la juu.

Nataka kueleza jinsi tulivyojaribu kufufua timu ya mpira ya kijiji chetu, ambacho hakiko mbali na Mlowo, na kosa nililolifanya mimi.

Timu ilikuwepo tangu nikiwa mtoto. Aliyeiendesha alikuwa mfanyabiashara kutoka Kondoa, mwenye duka kando ya barabara kuu. Yeye ndiye aliyenunua mipira na jezi, na timu ikienda kucheza Vwawa alilipa gari. Kijiji kilipofungua duka la ushirika, maduka ya watu binafsi yaliambiwa yafungwe, naye akahamia Tunduma. Timu ikafa bila mtu kutangaza kifo chake. Mpira wa mwisho ulipasuka, ukashonwa, ukapasuka tena. Kila mchezaji alibaki na jezi aliyokuwa nayo, akalimia mpaka ikatoboka mgongoni.

Uwanja ulikaa bila kuchezewa kwa miaka mitatu. Halafu siku moja, katika mkutano wa kijiji, mwenyekiti alisimama akasema:

"Uwanja ule sasa ni wa mbuzi. Mbuzi wanaufaidi kuliko binadamu. Shamba la kijiji halitoshi, na trekta likija kabla ya mvua nitalionyesha pale."

Nahodha wa zamani, ambaye ni fundi baiskeli, aliruka kama aliyechomwa. "Ndugu Mwenyekiti, usilime! Timu tunaifufua!"

"Kwa fedha ya nani?"

Watu wakacheka.

"Leteni makisio," mwenyekiti akasema. "Nawapa wiki tatu, mpaka mkutano ujao. Nataka kujua mpira utatoka wapi, nauli itatoka wapi, na mpira huo ukipasuka wa pili utatoka wapi. Mkishindwa tunalima, na msije kulia."

Hivyo ndivyo nilivyofanywa katibu. Vijana wengine waliomaliza darasa la saba walikuwa wameondoka kwenda Mbeya au kuvuka mpaka. Mimi nilikuwa golikipa, na nafasi hiyo niliipenda kwa sababu golini hulazimiki kuzungumza na mtu. Nilijaribu kukataa, lakini nahodha aliniwekea daftari mkononi akasema, "Wewe andika tu. Kusema nitasema mimi."

Tulikaa kibandani kwake kati ya magurudumu na minyororo, tukapiga hesabu. Tulihitaji mpira, jezi, ada ya kujiunga na mashindano ya wilaya, na nauli ya kwenda Vwawa na Tunduma. Upande wa matumizi ulijaa haraka. Upande wa mapato ulibaki mweupe. Kiingilio hakikuwezekana, maana uwanja hauna uzio, na hakuna mtu atakayelipa kuona kitu anachokiona akiwa amekaa mlangoni kwake. Michango tuliijua: watu wangeahidi mkutanoni, kisha wangetukwepa njiani.

Nahodha ndiye aliyepata wazo. "Tuko kumi na wanane. Mashamba ya kahawa yamejaa sangari. Tukodishe nguvu zetu. Shilingi moja kwa kila mstari wa mibuni."

Sangari ni majani mabaya. Mizizi yake hutambaa chini ya udongo kama kamba, na ukiacha kipande kimoja yanarudi. Shamba la kwanza tulilolifikiria lilikuwa la mzee wa kanisa anayekaa upande wa mlimani. Lilikuwa na mistari zaidi ya mia. Nikaandika fedha hizo katika mstari wa kwanza wa mapato, nikaandika "palizi". Nahodha alikuwa na baiskeli tano za watu za kutengeneza siku ile, kwa hiyo akanituma mimi nikazungumze na mzee. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye msemaji. Akasema, "Ni neno moja tu. Shilingi kwa mstari. Hata bubu angeweza."

Nilimkuta mzee anageuza kahawa kwenye vichanja. Aliacha kazi, akaniletea kigoda. Aliuliza habari za mama, na kama mguu wa bibi umepona. Mzee huyo ndiye aliyeongoza maziko ya baba yangu. Alituombea, na kesho yake akarudi na jembe kutusaidia kumaliza kupanda.

"Haya mwanangu, sema."

"Timu inaomba kuja kung'oa sangari shambani kwako, baba."

"Timu gani? Ile iliyokufa?"

"Tunaifufua."

Akacheka kwa furaha, akamwita mkewe aje asikie. "Waje! Waambie waje Jumanne."

Shilingi kwa mstari. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Lakini kwetu, watu wakija kundi zima kulima shamba la mtu, mwenye shamba huwapikia. Fedha hulipwa mgeni aliyetoka mbali na jembe lake kutafuta kibarua. Kumtajia bei mzee yule, nikiwa nimekalia kigoda chake, ilikuwa kama kumwambia kwamba mimi na yeye hatujuani. Nikasema, "Ahsante, baba," nikaondoka. Njiani nikiwa peke yangu niliyatamka maneno yale vizuri kabisa, hata mara tano.

"Amekubali?" nahodha akauliza.

"Amekubali."

"Shilingi kwa mstari?"

"Amekubali," nikarudia, nikainamia daftari.

Jumanne na Jumatano tulilima. Vijana walifurahi kuwa pamoja tena. Walitaniana mstari kwa mstari: beki wa kulia akibaki nyuma, wenzake walimpigia kelele kwamba hata wakati wa mechi alikuwa anafika mpira ukishaingia. Mzee mwenyewe alikuja na jembe lake akalima katikati yetu. Mkewe alituletea ndoo ya togwa saa nne, na nyingine alasiri. Siku ya pili nikamwona msichana wa pale nyumbani anamkimbiza jogoo nyuma ya jiko. Baadaye akamkimbiza wa pili. Wenzangu walimeza mate. Mimi nilijua malipo yetu ndiyo yanayokimbizwa.

Tulikula ugali wa ulezi na nyama ya kuku mpaka tukashindwa. Mzee akasimama, akaomba baraka kwa ajili ya timu, akamshika kila mmoja mkono. Tukaondoka.

"Alikwambia atalipa lini?" nahodha aliniuliza tulipofika barabarani.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Wenzetu walikuwa mbele, hakuna ambaye angesikia. Nikasema, "Wiki ijayo, nadhani."

Neno hilo moja lilifanya mambo makubwa kuliko nilivyofikiri. Siku mbili baadaye nahodha alipanda baiskeli yake akaenda mpaka Tunduma, akamtafuta yule mfanyabiashara. Alirudi jioni juu ya lori la mahindi, mpira mpya umo kwapani, baiskeli haipo.

"Nilimwomba bure," alitusimulia, watoto wakiwa wamemzunguka kutaka kugusa mpira. "Akaniambia, 'Bwana mdogo, zamani nilinunua mipira kwa faida ya duka. Duka mmelifunga, faida itoke wapi? Nikikupa mpira leo, kesho utakuja kuomba pampu.' Nikamwambia fedha ya palizi inakuja. Akasema, 'Basi acha baiskeli mpaka ije.'"

Baiskeli ile ilikuwa mkono wake wa kulia. Ndiyo aliyotumia kuzunguka vijijini kutengeneza za wengine. Sasa alikuwa anatembea kwa miguu, mfuko wa spana begani, na kila tulipokutana aliniuliza, "Vipi mzee?" Nami nilisema, "Bado." Mara mbili nilipanda mlimani nikiwa nimeazimia kuomba. Mara ya kwanza niligeuka kabla ya kufika uani. Mara ya pili mzee aliniona, akaniita, akanipa ndizi nimpelekee mama.

Siku ya mkutano nilinawa uso mara mbili na bado nilihisi una vumbi. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa kuwa habari ya mpira mpya ilikuwa imeenea. Mzee wa kanisa alikaa mstari wa mbele, kofia juu ya goti. Nahodha aliushika mpira akazungumza vizuri, akapigiwa makofi. Kisha akasema, "Makisio atasoma katibu."

Nilisoma matumizi yote. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Golikipa, dakia kwa nguvu, huku hatusikii!" Nikafika upande wa mapato. Nikasoma, "Palizi," nikataja fedha, nikafunga daftari.

"Fedha hizo ziko wapi?" mwenyekiti akauliza.

Nahodha akanitazama. Mzee pia akanitazama, lakini yeye alionekana kama mtu anayesubiri kusikia jina la aliyelipa. Ningeweza kusema "zinakuja", na labda mkutano ungekwisha hivyo. Lakini baiskeli ya nahodha ilikuwa Tunduma.

"Hazipo, Ndugu Mwenyekiti. Ni za shamba la huyu baba. Sikumwambia kwamba ni za kulipwa."

Watu wakaanza kunong'ona.

"Mwanangu," mzee akasema, bila hasira, "mbona hukusema?"

"Niliona aibu, baba."

"Mimi nilichinja jogoo wawili."

"Tuliwala, baba."

Mkutano wote ukalipuka kwa kicheko. Hata mwenyekiti alijifuta macho. Nahodha peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama mpira mikononi mwake kana kwamba umekwisha upepo.

"Hata mngesema," mzee akaendelea kicheko kilipotulia, "malipo ya pili ya kahawa kutoka ushirika hayajafika. Ningewalipa na nini?"

Mwenyekiti akataka kupima jambo. "Nani kati yenu atawalipa vijana hawa shilingi kwa mstari wakija kwake kulima? Nyosheni mikono." Ikanyoshwa mikono miwili, mmoja ukashushwa. "Na nani atawapikia?" Mikono ikawa mingi mpaka ya kina mama waliobeba watoto.

"Mnaona," mwenyekiti akasema. "Timu itanenepa, lakini mpira haitapata. Trekta likija, tunalima uwanja."

Nikadhani yamekwisha. Lakini mzee wa kanisa aliomba nafasi. Alisema, kama uwanja lazima ulimwe, ulimwe na timu yenyewe kwa msimu mmoja. Magunia matatu yaende kijijini, mahindi mengine wauze, wanunue vitu vyao, kisha uwanja urudi kuwa uwanja.

"Tulime uwanja ili tupate uwanja?" nahodha akauliza kwa sauti ya uchungu.

"Una njia nyingine?" mwenyekiti akamuuliza.

Mkutano ukakubali kwa msimu huu tu, kwa sharti kwamba baada ya mavuno, mpira usipokuwepo, ardhi ni ya kijiji moja kwa moja.

Tulipotawanyika nahodha alinisogelea. Nilijiandaa kutukanwa. Alisema tu, "Ungeniambia siku ile barabarani." Kesho yake aliupeleka mpira Tunduma kwa lori, akarudi na baiskeli yake. Mpira ulikuwa haujapigwa hata teke moja.

Trekta halikuja, walisema dizeli hakuna, kwa hiyo tulilima kwa jembe. Katikati udongo ulikuwa mlaini. Mbele ya goli ulikuwa mgumu kama sakafu, kwa miguu ya miaka yote ile, na jembe lilikuwa linarudi juu. Niliichukua sehemu hiyo mimi bila kuambiwa. Majirani walikuja kutusaidia siku mbili, mzee wa kanisa akiwemo, na safari hii mwenye shamba tulikuwa sisi, hivyo tulitakiwa kupika. Mama zetu walitoa unga. Gharama hiyo haikuwa kwenye makisio yangu, nikaiongeza.

Sasa ninapoandika, mahindi yanatoa mbelewele. Nimefanya makisio mapya, na nahodha huyasoma mwenyewe kila mstari kabla ya kukubali. Tunazungumza, lakini ni mambo ya shamba tu. Nikiweka bei ya chini ya mahindi, mpira na ada vinapatikana, nauli hakuna. Nikiweka bei ya juu, vyote vinapatikana, lakini mpira wa pili haupo, na swali la mwenyekiti kuhusu wa pili sijalijibu mpaka leo.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma, hasa mlio na timu isiyokuwa na tajiri, iwe Vwawa, Tunduma au mbali zaidi: niandikieni. Nielezeni ninyi mpira wa pili mnaupataje, na kama kuna mahali watu hulipa kuangalia katika uwanja usio na uzio, mnawaambia nini hata wakalipa. Mahindi tutavuna mwezi wa saba, na tukishayauza, mkutano utakaa wiki hiyo hiyo. Tafadhali barua zifike kabla ya hapo.