Damu Niliyomwekea Mama Kapinga

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyomwekea damu Mama Kapinga. Nilikuwa muuguzi kijana katika hospitali ya wake za wachimba shaba, hapa Lubumbashi, zama za Zaire. Kapinga alikuwa amejifungua jana yake. Damu ilikuwa imekoma kutoka, ila viganja vyake vilikuwa vimepauka.

"Niko muzuri, mama. Nipatie tu chai," aliniambia.

Sikumsikiliza. Zamani kidogo nilikuwa nimemwona mama mmoja wa Kamalondo, aliyekuwa akivuja damu, akifufuka kwa chupa moja, na tangu hapo kila aliyepauka nilimwekea. Chupa ya Kapinga haijafika nusu, akaanza kutetemeka na kushika kiuno. Mkojo ukawa mweusi, maana damu ile haikupatana na yake. Siku ya tatu akafariki, na mtoto akabaki mikononi mwa dada yake.

Nilisema ni bahati mbaya. Tata Musafiri, mkuu wetu wa wauguzi, mzee wa watu wa Maniema, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Unakumbuka mumoja mwenye kupona. Bengine beko wapi?"

Tukaazima madaftari ya hospitali nyingine, na mwalimu mmoja wa chuo cha Kasapa akatutafutia makala za madaktari wa nchi za mbali. Kabla ya kufungua hata moja, Tata aliandika ni mama wa aina gani tutamhesabu, akakataza kumruka yeyote, hata akituaibisha. Tulisoma majuma mengi. Waliokuwa wakivuja sana, damu iliwaokoa, hilo lilikuwa wazi. Lakini waliofanana na Kapinga walipona vilevile bila damu, kwa chakula na vidonge.

Kisha nikafika kwenye daftari langu la niliowawekea damu. "Ametetemeka. Homa kidogo." Ukurasa baada ya ukurasa. Mwandiko ulikuwa wangu, na sikumkumbuka hata mmoja wao. Nilishindwa kugeuza karatasi.

Mwanangu unayesomea uganga wa hospitali, anayevuja damu usimcheleweshe. Lakini usitibu kwa kumbukumbu ya mgonjwa mmoja aliyekufurahisha. Tafuta habari za wote, waliopewa na wasiopewa, waliopona na waliokufa, uzipime pamoja, na zinazokupinga uzisome mara mbili. Mungu akupe moyo wa kuvumilia utakachokiona humo, na wagonjwa wako warudi makwao kwa miguu yao.