Siku Tulipoesaye Linux Mbele ya Mama-Mukwe

Ninaandika haya kwenye ordinatere, kompyuta ambayo watu wa mji wetu wa Baraka, huku Kongo, waliniambia niitupe, na mpaka leo ninawacheka. Wakati ule wa vita ilikuwa imezeeka hasa. Ukiiwasha, uliweza kusonga bugali, ukala, ukaosha sahani, nayo bado inazungusha kale kaduara kake. Halafu siku moja ikakataa kabisa: giza tupu, na maneno meupe ya Kifaransa yasiyo na huruma.

Ningeitupa, kweli. Ila ndani mulikuwa na sauti ya bwana wangu. Alienda Ubwari, ng'ambo ya ghuba, kununua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mapigano yakamkuta huko, na mutumbwi haukurudi. Hatukuona mwili. Mwezi ule aliponunua mashini alijirekodi akijaribu mikro yake ya kunasa sauti, akiwa sebuleni kwa mama yake. Basi, ndiyo iliyobaki. Na asubuhi moja, tukichambua majani ya sombe, mama-mukwe akaniambia, "Mukamwana, mi naanza kusahau sauti yake." Nilikasirika, sijui hata nilimkasirikia nani.

Shemeki wangu, mdogo wa bwana, alikuwa mwalimu kule Fizi-Centre. Barabara ilipotulia kidogo akateremka kwa moto, yaani pikipiki, kle ya USB, ile flashi ndogo, mfukoni. "Hii ni Linux," akasema. "Ni mfumo wa kuendesha mashini. Iko nyepesi, hata mashini ya zamani inaiweza."

"Nyepesi kama mishahara yenu, nyinyi bamwalimu?" Akacheka, shemeki ni wa kutaniwa.

Akachomeka kle, akaiwasha mashini, kisha akatoka nje kuigeuza paneli ya sola ielekee jua. Kwenye kioo yakatokea maneno mawili: Essayer na Installer. Nikafikiri kama muntu wa Baraka. Pale sokoni, kwa wauza viatu vya mitumba, ukiesaye kiatu, ukikijaribu tu mguuni, umenunua. Ukivua tu uondoke, matusi yanakufuata. Na installer? Kwetu mgeni akiingia tunamwambia "installez-vous, mama", yaani kaa, tulia, hapa ni kwako. Nikaona hilo ndilo neno la heshima. Linux ni mgeni, acha akae. Nikapeleka kidole.

"Shemeki, usiguse pale!" Aliruka kizingiti, akanishika mkono. "Ukibonyeza ile, unaweza kufuta yote iko ndani. Yote! Na kaka pia."

Nikakaa chini. Yeye akabonyeza Essayer, neno lile nililolidharau, ambalo linaiacha Linux itembee juu ya kle tu, bila kugusa kitu cha mwenye nyumba. Wee! Mashini ile ya kutupwa ilifunguka kabla sijamaliza kufuta jasho. Mshale ukateleza, madirisha yakafunguka bila kubembelezwa. Niliipenda Linux tangu saa ile na siachi kuisifu: imekuja na mzigo mdogo, haikumdai mzee wetu, ile mashini, nguvu asizo nazo. Ikaiona diski ya zamani, imelala pale na vitu vyake vyote. Shemeki akanakili ile sauti kwanza kwenye kle nyingine, ndipo na mimi nikapumua.

Tukamwita mama-mukwe. Akaja na unga mikononi, akakaa ukingoni mwa kiti. Shemeki akabonyeza. Kikasikika kikohozi. Kisha bwana wangu, mzima kabisa, akicheka na kuipuliza mikro: "Mama! Ee mama, umekula?"

Mama-mukwe akaiinamia mashini mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo.

"Nimekula, papa, mwanangu," akajibu. "Na we, kule banakupa chakula?"