Boti la Shemeji

Shemeji yangu anauza matairi yaliyotumika kule mtaa wa Namuwongo, na kwa sababu hiyo anaamini kila kitu duniani hukaguliwa kwa teke. Magari anayapiga teke. Friji anaipiga teke. Siku aliponichukua kwenda Ggaba, ufukweni mwa ziwa, kutazama boti la kasi la mkono wa pili, alilizunguka mara moja, akalipiga teke ubavuni, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Niligeukia upande wa wauza samaki ili watu wasijue tumekuja pamoja.

Yeye ni mdogo wa marehemu mume wangu. Tulitoka wote Kongo mashariki, na tangu mume wangu atutoke, yeye ndiye mkubwa wa familia, cheo alichokipata kwa kubaki hai. Mwanangu wa pekee alikuwa amepata mchumba, binti wa watu wetu waliohamia kisiwa kimoja cha ziwa hili kufanya biashara ya samaki wakavu, na mahari ilikuwa ipelekwe huko. Katika ukoo wetu, siku hiyo mama wa kijana ndiye anayemshika binti mkono, akamtoa kwao na kumkalisha upande wetu mbele ya watu wote. Nilikuwa naingoja siku hiyo tangu mwanangu ananyonya. Sikutaka kingine.

Watu wenye akili zao hupanda boti la mbao la abiria, wakavaa jaketi za kuokolea, wakafika wamelowa kidogo, wakala, wakarudi. Shemeji akasema hatuwezi kufika kwa wakwe kama wakimbizi.

"Lakini sisi ni wakimbizi," nikamwambia.

"Shemeji, hiyo maneno iache. Tutaingia pale na moteri mbili. Batatusikia mbele ya kutuona."

Baada ya mahari, alisema, boti lingebeba matajiri wa wikendi kwenda visiwani. Hakuna tajiri wa wikendi hata mmoja aliyekuwa ameulizwa.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu baba yangu alikuwa na maboti ya mizigo katika Ziwa Kivu. Nimekulia juu ya madumu ya petroli. Nilijua kufungua plagi kabla sijajua kusuka nywele, na leo nikiwa fundi cherehani hapa Kansanga, bado nikisikia injini inapita barabarani najua inaumwa wapi. Shemeji alijua hayo. Alichotaka ni mimi nithibitishe kile ambacho teke lake lilikuwa limekwisha kumwambia.

Boti la kwanza lilikuwa jekundu, refu, pua kali, viti vyeupe vya ngozi, na spika kubwa kuliko za baa yoyote ya Kansanga. Lilikuwa limekaa juu ya trela katika ua mkavu, na dalali wake alikuwa amevaa kofia ya nahodha. Ua mkavu, kofia ya nahodha! Akanifungulia mfuniko wa nyuma kwa madaha. Mle ndani mlikuwa na injini mbili za petroli, kubwa kama za malori, kila moja na mguu wake wa chuma uliotokeza nyuma kushika pangaboi.

"Madam, hii ni boti ya bahari kabisa," akasema. "Imetoka Mombasa."

Alisema Mombasa kana kwamba ni sifa. Maana yake ni kwamba maji ya chumvi yalikuwa yamepita ndani ya chuma kile kwa miaka, yakakila kimyakimya, na sasa mwenyewe anatuletea sisi tumzikie. Nikachukua bisibisi ya dalali, nikagonga kwa mpini wake ule ubao wa nyuma unaobeba uzito wa miguu. Ubao mzima hulia kavu. Huu ulitoa mlio wa godoro lililolowa. Nikalegeza skrubu ya chini ya mguu mmoja, oili ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yamekwisha kuingia kwenye giaboksi.

Shemeji muda wote huo alikuwa amekaa kwenye kiti cha ngozi, ameshika usukani, anatafuta pa kuunganisha simu yake na spika.

Nilijua nikimweleza habari za maji na giaboksi ataona namwonea wivu. Nikamwambia hivi: "Shemeji, hizi injini zimefichwa. Mtu akipiga picha hataziona."

Akashuka pale pale. Hivyo ndivyo nilivyomwokoa na boti jekundu. Sijawahi kumdharau mtu kwa urahisi namna ile, na nilifurahi.

La pili lilikuwa la mwanajeshi mstaafu, mtu wa kaskazini, mrefu, asiye na maneno mengi. Lilikuwa jeupe lililofifia, viti vimepasuka, spika hakuna. Lakini tumbo lake la chini lilichongoka vizuri kama kabari, linalokata mawimbi badala ya kuyapiga makofi, na nyuma lilining'iniza injini mbili za aina moja, umri mmoja, pangaboi moja likizunguka kulia na jingine kushoto ili boti lisivutwe upande. Ubao wa nyuma ulilia kavu. Oili ilikuwa safi.

"Nyabo, hii engine yote mbili ilikuja siku moja," akasema mzee yule, akiniita bibi kwa lugha ya hapa. "Mimi nilifunga na mkono yangu."

Tukalitia majini tukajaribu. Boti liliinuka vizuri, lakini hata mkono wa gesi ukisukumwa mpaka mwisho, sindano ya mizunguko ya injini iligoma chini ya pale ilipotakiwa kufika. Shemeji alikuwa anapiga kelele za furaha, tai yake ya shingoni imepeperukia begani. Nikamuuliza mzee kama mapangaboi aliyafunga kama yalivyotoka kiwandani. Akacheka, akasema ndiyo. Ziwa hili liko juu sana, hewa yake nyepesi, injini haipati pumzi ya pwani, kwa hiyo inataka mapangaboi mepesi zaidi. Baba yangu alilijua hilo Kivu. Mzee akatuletea mengine kutoka stoo, tukafunga, tukarudi majini, na injini zikaimba mpaka juu kabisa. Shemeji akasema alihisi tangu mwanzo kwamba kuna kitu.

Akanunua. Mzee akatukabidhi pia mpira wa maji wenye vikombe viwili vya raba mwishoni kwa kila injini, akamwambia shemeji maneno ambayo hata mbuzi angeyashika: "Kama boti iko nchi kavu, usiwashe bila hii maji. Engine inakunywa maji ya ziwa. Bila maji inakufa."

"Najua, afande," shemeji akajibu. Hakujua.

Sasa niseme juu ya kanisa letu. Kwetu, mtu akipata gari jipya, hata bodaboda, huliweka uani kanisani, akaliwasha, na pasta huliombea likiwa linanguruma huku watu wameliwekea mikono. Wanasema injini iliyozimwa haiwezi kupokea. Kwa Toyota si neno. Gari lina maji yake tumboni. Shemeji akalivuta boti kwa trela mpaka uani kanisani, Jumapili moja kabla ya mahari, akavaa suti ya rangi ya samli, akaweka mtu wa kupiga video.

Nilisimamia mwenyewe kufunga vikombe vya raba. Bomba likafunguliwa, injini zikawashwa, maji yakapita, na pale nyuma yakaanza kutoka kama inavyotakiwa. Yakarukia viatu vya pasta. Vilikuwa viatu vya ngozi ya mamba, au vya kitu kilichochorwa mamba. Shemeji akaona, akashtuka, akamkonyeza shemasi, na shemasi akaenda kufunga bomba.

Nikapiga kelele, "Usifunge!" Lakini wakati huo pasta alikuwa amekwisha kuinua mikono, kwaya imeanza, na injini mbili zinanguruma. Nani angenisikia. Pasta wetu ni mtu wa maombi marefu. Aliombea ziwa, samaki, wakwe, matajiri wa wikendi, na wajukuu ambao hawajazaliwa. Watu wakafumba macho, mikono juu ya boti. Mimi macho yangu yalikuwa wazi. Nikasikia harufu ya raba ya pampu inayovuta maji inaanza kuungua.

Nikapita katikati yao, nikapanda trela kwa gauni langu la kanisani, nikazima injini zote mbili.

Pasta alibaki na mdomo wazi katikati ya neno. Shemeji akanitazama na uso wa majivu.

"Shemeji," akasema, "umezima baraka."

Nikamwambia nimezima upumbavu. Nilisema kwa sauti, mbele ya pasta, mbele ya kamera. Sijutii hata herufi moja ya neno hilo.

Kikao cha familia kilifanyika bila mimi. Walikaa nyumbani kwa shemeji watu wale wale waliofumba macho wakati raba inaungua, wakakubaliana kwamba nimeikatiza baraka na hatari imebaki juu ya boti, na kwamba nikipanda mimi, hatari hiyo inapanda nami. Aliyetumwa kuniambia ni mwanangu. Alisimama mlangoni mwa chumba changu cha cherehani, hakukaa.

"Mama, batu ba kanisa banaogopa kupanda na weye. Baba mudogo anasema uende na boti ya mbao, ufike kiisha sisi kushuka."

"Nifike mahari imekwisha kutolewa?"

"Ni siku moja tu, Mama."

Nilimuuliza yeye mwenyewe anaamini nini. Akatazama vitambaa juu ya meza. Iliniuma kuliko yote waliyoyasema wengine, kwa sababu nilimwona ni mtu mzima, na nilimwona pia ni mwoga.

Siku yenyewe nilikwenda Ggaba, nikasimama nyuma ya wachuuzi. Walipanda wote. Mke wa shemeji alikaa mahali pa mama wa bwana harusi, amejipulizia manukato ya kufukuza mbu. Shemeji akawasha. Injini zote mbili ziliitika mara moja, safi, bila kikohozi, kwa sababu pampu zake zilikuwa zimeokolewa mapema. Boti likainua pua, likaenda, na kwa kweli lilikuwa zuri. Nilikuwa nimechagua vizuri. Sikupanda la mbao. Kufika kula mabaki ya sherehe ya mwanangu mwenyewe, hapana.

Jioni simu ikaita. Alikuwa mama wa binti, namba ya kisiwani, na nyuma yake nilisikia ngoma na vicheko.

"Mama, pole sana. Banatuambia uko mugonjwa. Mwenzako, bibi ya shemeji yako, ndiye alimushika mutoto mukono. Sasa uko unasikia aje?"

Nilikuwa na maneno mengi. Maneno juu ya matairi, na viatu vya mamba, na wajinga waliojaa boti zima. Kisha nikasikia mwanangu karibu na simu ile, anapumua, anangoja nitasema nini mbele ya wakwe zake.

"Niko nasikia muzuri kidogo," nikasema. "Asante, mama."

Nikakohoa, ili aamini.