Maji Yaliyogomea Maharage

Ile nyumba ya Boko nikiikumbuka hata leo napandwa na hasira. Tulihamia kutoka Mwananyamala, ambako maji yalikuwa ya mgao na mie nilikuwa nalalaga na ndoo zimejipanga jikoni. Dalali alipotufikisha Boko hakuhangaika kutuonyesha vyumba. Alikwenda moja kwa moja jikoni akafungua bomba, maji yakaruka mpaka yakanilowesha viatu. Nikamwangalia mume wangu, naye akaniangalia, biashara ikaisha pale pale. Mtu aliyezoea mgao haulizi maji yana ladha gani, anauliza yanatoka? Hakuna aliyeyaonja. Kodi ikalipwa.

Siku ya kwanza kufua ndipo nilipojua tumeingia choo cha kike. Nasugua sabuni, povu hakuna, unabaki utando wa kijivu unaong'ang'ania nguo. Shati jeupe la shule la mwanangu likatoka na rangi ya majivu. Birika likaota ganda jeupe kwa ndani, gumu kama chokaa ya ukutani. Nikipika chai ya maziwa, inakatika. Kuyanywa ndiyo usiseme kabisa, unameza chumvi halafu kiu inazidi.

Nikamfuata baba mwenye nyumba. Alikuwa mzee mstaafu, anakaa nyumba kubwa mle mle uani, na kisima alikichimba yeye, na ndiye anayetugawia maji wapangaji. Nilimwamkia vizuri, nikamweleza kwa adabu zote. Akanisikiliza huku anachokonoa meno, akaniambia yale ni madini tu, yanajenga mifupa. Madini! Na nyumbani kwake yeye kulikuwa na tangi lake peke yake juu ya mnara, na lori la boza la maji baridi lilikuwa linaingia pale getini mchana kweupe kulijaza, sie tunaliangalia. Maji baridi ndivyo tunavyoyaita Dar maji yasiyo na chumvi. Yaani mifupa yake yeye ilikuwa haihitaji kujengwa, ya wanangu ndiyo ilikuwa inahitaji.

Basi tukawa tunanunua madumu ya maji baridi kwa wasukuma mkokoteni, ya kunywa na ya kupikia, maisha yakaenda hivyo. Mpaka mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Njombe.

Alikuja na kiroba cha maharage ya shambani kwake, akanikabidhi kama mtu anayekukabidhi mtoto. Asubuhi yake akanikuta getini nanunua madumu. Alishika kiuno. Akataka kujua ni mwanamke wa namna gani anayeacha maji yanayotoka ukutani, akatoa hela ya mumewe kununua mengine barabarani. Nikamweleza habari ya chumvi, akacheka. Kwao amepikia maji ya mto, ya mvua na ya kisima, na maji ni maji. Madumu yakapigwa marufuku, akabakiza la kunywa tu.

Nikapikia ya bomba. Maharage yake yakachemka mpaka mkaa ukaisha, yakabaki magumu. Kesho yake hivyo hivyo. Mama mkwe anatafuna, anatema pembeni ya sahani, ananitolea macho. Akasema kwao binti wa darasa la tano anaivisha maharage. Akasema akirudi atawaeleza shangazi na baba wadogo kwamba mtoto wao analishwa vyakula vibichi na mwanamke asiyejua jiko wala kubana matumizi. Mume wangu, badala ya kunitetea, ati mama ni mgeni, nimvumilie. Nilikuwa naumia jamani. Ukoo mzima ulikuwa unakwenda kuambiwa mie sifai, kwa kosa la bomba la mtu mwingine.

Jumamosi jumuiya yetu ya kanisani ikawa inasali kwetu, na wageni lazima wale. Mama mkwe akanipokonya upawa. Leo ukae, akasema, uone maharage yanavyopikwa. Akainjika alfajiri, kwa maji ya bomba, na kiburi chote.

Saa zikaenda. Akaongeza maji, akaongeza mkaa. Nikawa namwona anatoa punje moja, anaibinya kwa vidole, anairudisha. Ngozi imekunjamana, ndani jiwe. Nilikuwa nimeisubiri saa ile kwa hamu, lakini ilipofika nikashindwa hata kutabasamu, maana mama wa watu alikuwa ameinama anapuliza mkaa, majivu yamemjaa usoni. Akaenda kunawa, sabuni ikakataa povu. Ndipo akakinga maji kiganjani, akayaonja, akayatema.

Akaniuliza polepole kisima ni cha nani. Nikamwambia yote, madini, mifupa, boza na lile tangi la mnarani. Aliuliza tu kama huyo mzee anasali jumuiya yetu. Nikamwambia ndiye mwenyekiti.

Sala ilipoisha tukapakua. Wenyeji wa Boko wakachukua wali na mchicha, maharage wakayaruka kimya kimya, wanajua. Baba mwenye nyumba alikuwa ameketi kiti cha mbele, na sahani yake mama mkwe aliipakua mwenyewe. Wali kidogo, maharage mlima. Akampelekea, akapiga goti mbele yake. Alivyolelewa yeye, mwanamke akimpa chakula mgeni wa heshima hainuki mpaka mgeni aonje na kusifu.

Mzee akatia kijiko mdomoni. Tulisikia sote, ka, ka, kama mtu anatafuna changarawe. Akaweka sahani chini akasema samahani, alikula nyumbani.

"Kula, baba," mama mkwe akamwambia, kwa sauti ya upole kabisa. "Maharage ni yangu, nimeyalima kwa mikono hii. Maji ni yako."

Mtu mmoja akakohoa. Mzee akaniangalia mie, akaangalia mlango, akamwangalia yule mama aliyepiga goti miguuni pake. Mama mkwe hakuinuka. Jumuiya nzima ilikuwa inamtazama. Mzee akaokota sahani, akatia kijiko cha pili, na cha tatu, anatafuna, jasho linamtoka.

Hapo ndipo mama mkwe alipogeuka kunitazama. Tangu aje alikuwa ananiita wewe.

"Mwanangu," akasema, "mwongezee mwenyekiti."

Nikaenda kuchukua upawa.