Somo la Kuvua Helmeti

Mume wangu alikufa mwezi wa sita, na mwezi wa tisa nikapelekwa Nyeri kujifunza kuendesha pikipiki. Chama cha ushirika cha wafugaji kilichoniajiri huko Othaya kilikuwa kimenunua pikipiki kwa ajili ya kazi yangu ya kutibu ng'ombe. Kanuni ilikuwa moja: hakuna kuigusa kabla ya kumaliza mafunzo ya siku tano na kupata cheti.

Mume wangu alikufa kwa pikipiki. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa anarudi nyumbani mchana wa manyunyu, na kwenye kona moja matope yaliyoachwa na lori la majani chai yakamtelezesha hadi mtaroni. Basi mama mkwe aliposikia ninakwenda wapi, aliweka chini kikapu cha viazi akaniuliza, "Hiyo chuma haijashiba nyumba hii?"

Nilimjibu kwamba kazi ni kazi. Miezi ile mitatu nilikuwa nakula nikiwekewa chakula, nalala nikiambiwa nimechoka. Hata kulia, watu ndio walionililia.

Uwanja wa mafunzo ulikuwa nje kidogo ya mji, mahali pa kokoto na nyasi fupi, na ukungu uliokaa mpaka saa nne. Tulikuwa kumi na wawili. Wengine wote walikuwa waendesha boda boda waliokwisha kukaa miaka barabarani, sasa wameambiwa kwamba bila cheti hawatakaa steji kungoja abiria. Walikuja wamenuna. Mwalimu wetu alikuwa polisi mstaafu kutoka upande wa magharibi, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, na siku ya kwanza hakuturuhusu kuwasha injini. Tulisukuma pikipiki tukizunguka uwanja, ili tujue uzito wake.

"Mwalimu, mimi niko na miaka nane kwa hii kazi," mmoja alilalamika.

"Basi sukuma kama mtu wa miaka nane," mwalimu akasema, na hata walionuna wakacheka.

Siku ya pili nilifundishwa klachi na gia, ya tatu nikapita katikati ya koni. Nilianguka mara mbili. Nilijinyanyua, nikapangusa goti, nikapanda tena. Mwalimu alinijia akasimama mbele ya taa ya pikipiki yangu.

"Daktari," alisema, maana wote waliniita hivyo kwa sababu ya ng'ombe, "wewe huogopi?"

"Siogopi."

"Hiyo si sifa. Mtu asiyeogopa ndiye ananinyima usingizi."

Siku ya nne kulikuwa na somo la huduma ya kwanza. Turubai lilitandikwa kwenye nyasi, na mwalimu akamlaza mtu mmoja akiwa amevaa helmeti. "Mtu akianguka," alisema, "usikimbilie kumnyanyua. Zuia magari, ita msaada, ongea naye. Na kama anapumua, helmeti usiivute. Shingo ikiwa imeumia, unaweza kuimaliza wewe mwenyewe. Na tafadhalini, msimpakie majeruhi kwa pikipiki katikati ya watu wawili kama gunia."

Kijana mmoja wa steji ya kwetu aliinua mkono. Nilikuwa nimemtambua tangu siku ya kwanza. Alikuja kwenye mazishi, akasimama nyuma kabisa karibu na migomba.

"Na kama gari ya hospitali haiko, mwalimu?"

"Unangoja. Unaita tena."

"Na kama mlishamtoa hiyo helmeti?"

"Mlishamtoa nani?"

"Mtu tu," alisema, na akatazama viatu vyake.

Kisha tukapangwa wawili wawili kwa mstari tuliokuwa tumesimama, na mstari ukanipa huyo. Akalala kwenye turubai. Nikapiga magoti nyuma ya kichwa chake, nikakishika kwa mikono miwili kama tulivyoonyeshwa. Nikasikia sauti yake kutoka ndani ya helmeti.

"Daktari, ni mimi nilitoa. Alisema hapati hewa. Nikavuta."

"Usitikise kichwa," nikamwambia.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilikuwa nimeelewa kila neno. Niliendelea kumshika mpaka mwalimu alipopita, akatazama mikono yangu na kusema ni sawa.

Wakati wa chai alikuja kukaa upande wa pili wa benchi. Alisema bila kuulizwa kwamba yeye ndiye aliyeendesha kumpeleka hospitali, na mwenzake akamshika mume wangu kwa nyuma. Mume wangu alikuwa akiongea mpaka walipofika darajani.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Aliuliza kama tumezima pikipiki yake. Ati petroli isimwagike kwa shamba ya watu."

Hayo yalikuwa maneno yake kabisa. Nilitafuna mandazi, yalikuwa yamepoa. Nilijua jambo ambalo kijana yule hakulijua: karatasi ya hospitali ilisema ni kifua, mbavu na damu ndani. Shingo haikuwa na kitu. Ningeweza kumwambia pale pale. Sikumwambia. Nilimaliza chai, nikarudisha kikombe, nikamwacha alale na mzigo wake usiku ule. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa tu sina la kumpa.

Siku ya tano ilikuwa ya mtihani. Tulipokuwa tunangoja zamu, nilimwendea.

"Ilikuwa kifua," nikasema. "Hospitali waliandika hivyo. Shingo ilikuwa nzima."

"Unaniambia tu nitulie?"

"Nimeisoma mwenyewe. Karatasi iko kwangu nyumbani."

Aliugeukia ua wa mikaratusi, akaweka mkono machoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Wenzake wakajifanya wanaangalia matairi. Nilisimama kando yake nikimtazama akilia kama mtu anayetazama mvua ikinyesha shamba la mbali. Nikafikiri labda nimguse bega. Kabla sijaamua, mwalimu aliniita.

Nilipita kwenye koni zote, nikafunga breki kwenye mstari, nikapewa cheti. Yule kijana naye alifaulu. Mwalimu alinipa mkono akasema, "Uoga utakuja, Daktari. Ukija, usiufukuze."

Jumatatu nilipigiwa simu na mama mmoja wa mlimani juu ya mashamba ya chai: ng'ombe wake alikuwa na uvimbe kwenye kiwele na hataki kukamuliwa. Nikafunga sanduku la dawa nyuma ya kiti kwa kamba ya mpira. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi mlangoni. Hakuniangalia, lakini alimwondoa kuku njiani ili nipite.