Bia ya Bonane kwa Mwalimu Anselimu

Harufu ilinikuta ngazini, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, nikiwa nimebeba mfuko wa unga wa muhogo nilioutafuta karibu Montréal nzima. Ilikuwa asubuhi ya Bonane, ndivyo tunavyoiita kwetu Kivu siku ya mwaka mpya, na nje theluji ilifika magotini. Boga. Boga linachemka pamoja na nyama ya ng'ombe, vitunguu na pilipili nzima ambayo haijapasuliwa. Niliweka mfuko chini nikasimama palepale, mama mzima wa miaka hamsini, navuta pua kama mtoto aliyefukuzwa jikoni.

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, Madame Yolande, ambaye kwao ni Haiti, alifungua mlango akaniona. Hakuniuliza kitu. Aliniketisha, akanipa bakuli, akanieleza huku nikila. Zamani kwao, watumwa ndio waliopika supu hiyo ya boga, na mabwana ndio waliokunywa. Mtumwa hakuruhusiwa hata kulamba kijiko. Siku walipopata uhuru wao, tarehe moja ya mwezi wa kwanza, kila nyumba ikapika boga, na tangu hapo Mhaiti haanzi mwaka bila supu hiyo, awe nchi gani. Kijiko kilinikwama mkononi. Maana mimi, jamani, niliwahi kumnyima mtu wa kwao supu hiyo, na nilimnyima kwa kumpenda.

Nilikuwa na miaka kumi, tukikaa Mweso, kule Masisi, ambako asubuhi ukungu unakaa juu ya mashamba ya maharagwe mpaka unasahau kama kuna jua. Uhuru wa Kongo ulikuwa na miaka miwili na nusu. Walimu Wabelgiji walikuwa wamekwenda kwao, na darasa letu lilikaa miezi mingi bila mtu, tukienda shuleni kufagia na kurudi. Halafu akaja Mwalimu Anselimu. Tulikuwa tumeambiwa mgeni anatoka ng'ambo, anasema Kifaransa tu, basi tukajipanga barabarani kumpokea Mzungu. Akashuka mtu mweusi kuliko baba yangu, amevaa tai. Tuliendelea kuchungulia nyuma ya gari tukimngoja mwenyewe.

Nilimpenda mara moja, na sioni haya kulisema leo. Alipiga pasi suruali yake hata siku za mvua. Alijua majina yetu yote kabla ya wiki mbili, na majina ya mbuzi wetu, maana tulipita nao mbele ya dirisha lake. Alituchorea ubaoni kisiwa chake, kadogo, kenye umbo la mdomo wa mamba uliofunguka, akasema hapo ndipo kwao, na kwamba kwa sasa hawezi kurudi kwa sababu mkubwa wa nchi hataki kuwaona watu kama yeye. Sisi tulisikia "ng'ambo" tukaelewa "Ulaya". Kwetu ng'ambo ilikuwa moja.

Mwezi wa kumi na mbili, mama yangu, Mama Sifa kwa jina langu mimi kifungua mimba wake, alinituma kwa mwalimu. Mama hakuwa mtu wa kufanya mambo nusu. Alikuwa amesikia kwamba mwalimu atakaa peke yake siku ya Bonane, na jambo hilo lilimkera kana kwamba ni yeye aliyetukanwa. Niende nimwambie atakula kwetu. Na nimuulize, kwa adabu, kitu gani roho yake inataka, chochote kile, kitatafutwa.

Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari. Nilipomaliza kusema, aliweka kalamu chini. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, "Boga." Nadhani aliona uso wangu, akaogopa amekosea, maana aliwahi kuchanganya boga na mboga tukamcheka darasa zima. Akachukua chaki, akaenda ubaoni, akalichora: duara, mistari, kikonyo juu. Akasema supu, na nyama kidogo kama ipo, na kama haipo si kitu. Akarudia, "Siku ya Bonane, Sifa. Siku ile ile." Kwa hiyo msije mkanitetea kwamba sikuelewa.

Lakini ngoja niwaambie boga lilikuwa nini nyumbani kwetu. Lilikuwa kitu cha kuwanyamazisha watoto maharagwe yakichelewa kuiva. Lilijiotea lenyewe pembeni ya shamba, hakuna aliyelipanda, hakuna aliyelihesabu. Mwanaume mzima akikutwa analila, aligeuka upande. Mgeni? Kumwekea mgeni boga mezani ilikuwa ni kumwambia usirudi. Na huyu alikuwa mgeni wa tai, mwalimu wangu mimi. Niliona tayari wasichana wa darasa langu wakiziba midomo wasicheke: mwalimu wa Sifa anakula chakula cha watoto. Nilitembea polepole, na nilipofika kwenye ua wetu uamuzi nilikuwa nao.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

"Anapenda kuku," nikasema. "Na bia ya Ulaya."

Bia niliitoa wapi, msiniulize sana. Kwenye duka la Mweso palikuwa na picha ukutani, bwana mwenye tai ameshika glasi yenye povu, anacheka. Kwa akili yangu, mwenye tai alistahili kile kilichokuwa mkononi mwa mwenye tai.

Mama aliridhika kabisa, akasema njo ile, ndiyo hiyo, muntu wa ng'ambo anajua kitu anapenda. Kuku tulikuwa nao. Kazi ilikuwa bia. Bia ya nchini ilikuwepo, na pombe ya ndizi usiseme, ila ile ya kuvuka bahari ilikuwa imekwenda pamoja na Wazungu walioinywa. Papa, yaani baba yangu, alikuwa shofere wa kamio, lori la mizigo, akipeleka viazi na maharagwe kule chini Walikale na kurudi na mawese na ndizi. Aliuliza kila shofere aliyekutana naye. Mmoja akamwambia kwamba kwenye kantini ya mgodi, ndani ya msitu, mzee mwenye ufunguo amebaki na chupa za mhandisi aliyekimbia. Papa akanitazama, akasema, "Ni weye ulileta neno. Twende tutafute pamoja."

Sijasahau safari ile. Tulipita Kalembe, barabara ikaanza kushuka, na baridi yetu ikabaki nyuma juu ya vilima. Joto likapanda, miti ikaziba mbingu, harufu ikawa ya majani yaliyooza na moshi wa nyama ya porini. Papa aliendesha huku anaimba. Mara aliacha wimbo akauliza kama mwalimu alitaja jina la bia. Nikamwambia ile yenye povu nyingi. Akatikisa kichwa kwa heshima, akasema kweli, huyo anajua bia. Mimi nilikaa nimebana magoti. Kila kona niliyaweka maneno tayari mdomoni, Papa, haikuwa bia, na kila kona niliyameza. Alikuwa na furaha sana ya kumfanyia mgeni wake kitu kigumu.

Mzee wa kantini alitoa chupa sita kutoka kwenye sanduku la bati. Karatasi zake zilikuwa na maandishi ambayo si Kifaransa, na papa hakuweza kuyasoma, jambo lililomhakikishia kwamba zimetoka mbali kweli. Zilibadilishwa na gunia la viazi. Mzee akafungua moja, akanywa kwanza yeye, kama inavyotakiwa, tuone haina sumu. Papa akanywa, na mimi nikapewa tone kwenye kizibo. Ilikuwa chungu kuliko dawa ya malaria. Niliwaza, nani anakaa mbali na mama yake halafu anatamani kitu hiki? Chupa tano tulizifunga kwenye majani ya ndizi, nikazipakata mapajani mpaka Mweso, na papa akinionya kila penye shimo.

Siku ya Bonane mwalimu alifika amenyoa, amevaa tai nyekundu ambayo hatukuwahi kuiona. Mama alikuwa ameazima meza na viti, amevaa kikwembe kipya. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi ili moshi utoke, na kutoka kwenye kiti cha mgeni uliona moja kwa moja jiko letu la nje, na juu ya paa la jiko maboga yetu yamepangwa yakauke, manjano, makubwa. Mwalimu aliyaona kabla hajaketi. Alitabasamu, akanigeuzia macho, akafanya ishara ndogo ya kunishukuru.

Mama akaanza kufunua sufuria. Wali. Mwalimu akasifu. Sombe ya majani ya muhogo yenye mawese ya Walikale, akasifu. Ndizi za kukaanga. Kuku mzima na firigisi yake. Kila mfuniko ulipoinuka alijisogeza mbele kidogo, halafu akangoja unaofuata. Ilibaki sufuria moja. Mama aliifunua mwishoni kwa maringo: nyama ya mbuzi. Mwalimu alitazama ile nyama, akatazama tena nje ya mlango, juu ya paa. Halafu akanitazama mimi, na mimi nikatazama miguu yangu.

Papa akaleta chupa. Alieleza barabara yote, Kalembe, mzee, sanduku, viazi. Mwalimu akanywa, machozi yakamtoka, hakuyafuta. Papa alifurahi kupita kiasi. Akamnong'oneza mama, "Unaona? Bia ya kwabo imemupata roho." Mwalimu akasimama, akawaambia kwa Kifaransa, nami nikafasiri, kwamba tangu atoke kwao hakuna nyumba iliyompa heshima kubwa hivyo. Hilo alilisema kwa kweli, naamini mpaka leo. Akala kila kitu alichowekewa.

Shule ilipofunguliwa nilikaa dawati la nyuma kabisa. Aliningoja wengine watoke, akaniita. Nilijua napigwa. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Sifa, labda nilichora vibaya?"

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema.

Akacheka, akasema ni kweli, hakuwahi kujua kuchora. Nikatoka mbio. Nilijiona nimeponea chupuchupu, na nikacheza vizuri sana siku hiyo.

Baada ya mwaka wa pili alihamishiwa Walikale. Papa alikutana naye huko mara mbili tatu, halafu barabara zikafungwa kwa vita, na habari zake zikaisha. Mimi nikakua, nikasoma, nikaolewa, nikatawanywa na vita vingine mpaka huku kwenye theluji. Ni huku nilikojua kupanda mabasi matatu kwa ajili ya sombe iliyoganda, na kuifikisha nyumbani, na kukuta haina ladha ya kitu. Watu wema wamenialika Krismasi, wakaniwekea samaki mwekundu wa bei kali na mvinyo, wakanitazama usoni kwa hamu waone kama nimefurahi. Nimewajibu kama mwalimu alivyotujibu. Roho inalia ugali wa muhogo, mdomo unasema merci.

Siku ile ya supu ya Madame Yolande nilimpigia mama simu, Goma. Alikuwa mzee, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Nikamwambia yote: boga, chaki, uongo wangu. Miaka arobaini, ndipo namwambia. Nilingoja anikaripie, na kwa kweli nilitaka anikaripie.

Hakunikaripia.

"Alikuja kuniomba yeye mwenyewe," akasema. "Mwaka uliofuata, weye ulikuwa kwa nyanya yako. Alisimama pale jikoni, akaonyesha juu, kwa maboga. Mimi nikacheka. Nikamwambia hapana, Mwalimu, ile si chakula ya muntu kama weye. Nikamupa mayai kumi na jogoo. Alikamata, akasema aksanti."

Hata kama ningesema kweli, basi, mama angekataa. Na papa angeenda Walikale vilevile kutafuta bia. Sisi watatu tulimpenda yule mtu, na hakuna hata mmoja aliyemsikia.

"Sifa," mama akaniita. "Ule mwalimu, alikuwa na mama kule kwabo? Njo yeye alikuwa anamupikia?"

Nilifikiri sana, siku zote zile za darasa, kisiwa kile ubaoni, majina ya mbuzi wetu mdomoni mwake.

"Sijui, mama," nikasema. "Hatukumuuliza."