Msusi aliyewashika vichwa wapiga kura wake

Saa nne asubuhi, saluni ya Mama Mistari ina vichwa vitano na hakuna hata kimoja kilichokwisha.

Wa kwanza amesukwa mistari minne ya mbele. Wa pili ana mitatu. Wa tatu amechanwa tu, nywele zimesimama kama mtu aliyepigwa shoti. Mama Mistari anahama kiti hadi kiti, chanuo amelichomeka kwenye nywele zake mwenyewe, na kila anayelalamika anapewa jibu lilelile: "Nakuja shoga yangu, wewe ndiye unayefuata."

Wasusi wanaujua mtindo huu. Mteja akiingia hakuna kumwacha akae bure, maana atachungulia saluni ya jirani na hutamwona tena. Unamsuka mistari miwili mitatu ya mbele, basi, umemshika. Ataenda wapi na kichwa nusu?

"Huo ndio ujanja wetu," anasema, akicheka kwa aibu kidogo. "Na ndio ulioniponza."

Alivyoponzwa, mtaa mzima unajua. Mwaka juzi mama huyu aligombea udiwani.

Hakuwa mtu wa siasa hata kidogo. Ila zahanati ya kata hufunga mlango saa kumi jioni, na binti yake wa kwanza alishikwa na uchungu jua limeshazama. Walipofika wakakuta kufuli. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, na hakulia.

"Nilimbeba mjukuu wangu kwenye shuka mpaka nyumbani," anasema, na mikono inasimama kusuka. "Nikajiambia, hicho kikao kinachopanga zahanati ifungwe saa ngapi, na mimi nitaingia nikae humohumo."

Kampeni aliifanyia hapahapa kwenye viti. Kila kichwa kilichopita mikononi mwake kilitoka na mistari na hotuba. Wanawake wakamwahidi, wengine wakamwapia.

Ikafika siku ya kura. Kumbe siku hiyohiyo jioni ilikuwa fainali ya shindano la uimbaji kwenye televisheni, na mmoja wa wawili waliobaki alikuwa Chiriku, msichana aliyeanza maisha kwa kufagia nywele kwenye saluni hii.

Basi mtaa ukarukwa na akili! Watu waliotazamana kwa jicho baya miaka mingi walikopeshana salio la kumpigia kura kwa simu. Mwenye duka la vocha aliishiwa kabla ya adhuhuri. Bibi mmoja asiyejua kuandika ujumbe alizunguka na simu yake nyumba hadi nyumba, akiomba wajukuu za watu wamsaidie kumpigia Chiriku kura, kisha anarudi kuuliza kama imefika.

Na wote walitaka wasukwe, kwa sababu fainali ingetazamwa saluni, na televisheni ni ya Mama Mistari.

"Nilipiga hesabu zangu vizuri," anasema. "Vituo viko wazi mpaka saa kumi. Nitawamaliza saa saba, tutoke wote pamoja, watu wangu wamependeza. Sasa kila anayeingia, mkono wangu umezoea. Namshika. Anaingia mwingine, namshika."

Saa tisa mume wake, fundi baiskeli, alikuja mbio akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko.

"Nilimwambia, mke wangu, watu wako wako wapi? Kituo kitupu, makarani wanasinzia," anakumbuka fundi. "Nachungulia ndani, nawaona wamepangwa kwenye viti, vichwa nusu nusu, kila mtu na simu yake anampigia Chiriku. Nilishika kichwa changu mwenyewe."

Aliwasihi watoke hivyohivyo. Nani atoke? Mshona nguo wa duka la pili, ambaye leo ndiye mwenye mistari minne, anajitetea hadi leo: "Nikasimame kituoni nusu nimesukwa, nusu kichaka? Nionekane na nani? Nampenda Mama Mistari, lakini hapo hapana."

Walipomalizika, kituo kilikuwa kimefungwa. Mama Mistari alishindwa kwa kura saba. Waliokuwa wameketi saluni walikuwa tisa.

"Na mimi wa kumi," anasema taratibu. "Hata mimi mwenyewe sikujipigia. Chiriku nilimpigia, tena mara nyingi, kila nikibadilisha kichwa nabonyeza. Mimi nikajisahau."

Chiriku alishinda. Mtaa ulicheza, na Mama Mistari alicheza katikati yao huku machozi yanamtoka, watu wakidhani ni furaha tupu. "Furaha ilikuwepo, Chiriku naye ni kama mwanangu," anasema. "Lakini nilikuwa namtazama binti yangu amekaa pembeni, mikono mitupu. Iliniuma sana."

Hakumnunia mtu. Mshona nguo, aliyelia naye kesho yake, alijaribu kumweleza: "Kule nikipiga kura naona jina linapanda palepale kwenye kioo. Nikipiga huku, nasubiri miaka mitano nione nini? Nilizoea hivyo. Sikujua kwamba na kura yako naihesabu kuwa ya bure vilevile."

Sasa diwani aliyeshinda amehama kufuata biashara zake, kiti kimebaki wazi, na uchaguzi mdogo ni kesho. Mama Mistari amegombea tena. Zahanati bado inafungwa saa kumi. Binti yake, yuleyule, ana mimba ya miezi mitano.

"Sasa hivi silali vizuri," anakiri. "Namtazama tumbo, natazama saa."

Shindano la televisheni nalo limerudi, na wateja wanabishana juu yake kwa sauti za juu. Yeye hawakatazi. Ila mlangoni ameandika kwa chaki kwamba kesho hakuna kichwa kitakachoguswa kabla mwenye kichwa hajaonyesha kidole chenye wino.

"Hata mimi?" anauliza mshona nguo.

"Wewe hasa," anajibiwa, na saluni nzima inaangua kicheko.

Jioni wateja wote wametoka wakiwa wamekwisha kusukwa. Amebaki binti. Mama Mistari anamsuka bila kuhama kiti, mstari kwa mstari, polepole, kwa namna ambayo hajawahi kumsuka mteja.

Fundi baiskeli ameketi mlangoni na mfuko wa nailoni. Ndani yake ameshakusanya vitana na machanuo yote ya saluni, isipokuwa lile moja lililo mkononi mwa mkewe.

"Simwamini huyu," anasema. "Akiona nywele zimevurugika, mkono unamwasha. Mfuko huu unalala na mimi mpaka kesho."

Mstari wa mwisho unafika kisogoni. Mama Mistari anaweka chanuo chini, anashika mabega ya binti yake na kumwinamia sikioni. "Kesho saa moja tuko mlangoni pa kituo. Mimi, wewe na huyo mdogo."

"Tutakuwa wa kwanza, mama."

Kuna nywele mbili zimechomoza karibu na sikio. Anapapasa kutafuta chanuo. Halipo, nalo limeshaingia kwenye mfuko wa fundi.

"Baba, mpe basi, ni nywele mbili tu," anasema binti.

"Atalipata kesho," anajibu fundi, akifunga mfuko fundo. "Akinionyesha kidole."

Mama Mistari anamtazama mumewe, anacheka mpaka anafuta macho. Kisha anazilaza nywele zile mbili kwa kiganja.